Meza Yangu Itakuwa Pale Ulipolazwa

Mama yangu, shikamoo.

Jumamosi ni sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi. Ukumbi ni lile kanisa letu la kigango, ambalo sasa limeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu: UKUMBI WA JAMII. Palipokuwa na altare ndipo inapowekwa meza ya bibi harusi. Pale pale lilipowekwa jeneza lako. Wewe ulikuwa wa mwisho kuagwa mle kabla waumini hawajahamia kanisa jipya la barabarani.

Nakumbuka Ijumaa tulipokuwa tunakwenda kudeki, mimi na wewe tu, na ndoo ya maji ya ziwani. Nilikimbilia mbele na ndala zangu zenye tope, ukanikemea, "Vua, we mtoto! Hapa si mwaloni kwenye mitumbwi." Kisha ukainama na tambara lako, ukiimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuna aliyekuwa akiimba ya kwanza.

Nakumbuka na kile kikao. Wazee walitaka tukishahama jengo lifungwe kwa kufuli, liheshimiwe. Ukasimama katikati ya wanaume. "Mkilifunga watasali popo. Wapeni watu." Walicheka, wakakubali. Mimi nilinuna hadi nyumbani.

Watu wamepewa, mama. Watoto wanapimiwa uzito mle, mikutano ya kijiji inafanyika mle, muziki unapigwa mpaka vioo vinatetemeka.

Jana nilimwomba mama mdogo meza yangu isogezwe upande wa dirishani.

"Ukae pembeni kama mkusanya michango?" akasema. "Dada mwenyewe ndiye aliyesema wapewe watu."

Mshereheshaji naye akadai waya za spika hazifiki huko. Wakarudi kwenye vitambaa vyao, wakibishana kuhusu rangi ya zambarau.

Nilibaki nimesimama pale. Sijui kama nimewakasirikia wao au wewe, uliyegawa mahali pekee ambapo ningekuja kukutafuta. Kaburini sikupati. Kule kuna jina lako tu na nyasi. Ni kwenye sakafu hii ninapokuona umeinama, na Jumamosi watairukia wakicheza.

Nitakaa, mama. Nitakata keki, nimlishe mama mdogo badala yako, nitatabasamu watakaponiambia nitabasamu. Lakini chini ya meza, nyuma ya hicho kitambaa cha zambarau, nitakuwa nimevua viatu.

Mwanao, wa kudeki nawe