Matanga Yaliyomsubiri Mtani

Kihonda,
Morogoro.
15 Novemba 2020

Mpendwa Kaka Hatibu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako mnaokaa pamoja huko Muscat, na kwamba lile joto lenu limepungua kidogo. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema unakusumbua, nami nikakushauri ulale chini. Ushauri huo naufuta. Mama amelala chini miezi yote hii na mgongo wake umezidi kuwa mbaya.

Sisi hatujambo. Mafua ya hapa na pale yapo, ila siku hizi mtu akipiga chafya anaombewa afya, watu hawahami kiti tena. Mvua za vuli zimechelewa, milima ipo palepale, na asubuhi unaiona yote mpaka juu bila wingu. Wakulima hawalipendi jambo hilo.

Naandika kwa mkono kwa sababu Witness, binti wa jirani yetu Mama Hosiana, anarudi kazini kwake huko kwenu wiki ijayo, na amekubali kuibeba barua hii. Tena jambo lenyewe halifai simu. Kwa simu wewe husema "sawa, sawa", halafu unauliza kama bati la jikoni limezibwa. Limezibwa, Kaka. Lilizibwa zamani.

Mji umerudi, ila umerudi kwa kuchechemea. Zile ndoo za kunawia mikono bado zipo milangoni mwa maduka, lakini ukifungua koki unapata tone moja la adabu. Muuza chipsi wa hapa kona ndoo yake ameiwekea nyanya. Barakoa zimehamia kidevuni, na kwa madereva zimehamia kwenye kioo cha ndani, zinaning'inia kama tasbihi. Wanafunzi wa Mzumbe wamerudi, na wenye vyumba vya kupangisha wamerudisha na ukali wao.

Malimao na tangawizi navyo vimeshuka bei. Mwezi wa tano, watu walipokuwa wakijifukiza kila jioni, mama mmoja aliyeshusha viroba vyake kutoka milimani alikuwa anasalimiwa sokoni kama mbunge. Juzi nimemwona amekaa nyuma ya fungu la malimao, hakuna anayemtazama. Nikanunua mawili kwa kumhurumia, na nyumbani tulikuwa nayo.

Kusalimiana ndiko bado hakujakaa sawa. Mmoja ananyoosha mkono, mwenzake ananyoosha kiwiko, wote wawili wanacheka na kuachana bila kugusana. Wazee wamechoka, wanashika mkono wa yeyote.

Sasa nije kwa Mama.

Unajua Baba alivyozikwa mwezi ule wa tano. Watu wachache, haraka, hakuna turubai, hakuna chungu kikubwa, hakuna aliyekuja kutupa mkono wa pole. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Chetu kilikuwa cha watu kumi, na Mama alitandika mkeka sebuleni akakaa peke yake. Nilidhani eda ikiisha atainuka. Ikaisha. Sheikh wa msikiti wetu akaja kumweleza vizuri kwamba sasa yuko huru, atoke, avae atakavyo. Mama akamshukuru, akaitikia dua, akamsindikiza kwa macho, akabaki mkekani. Kila tulipompa mkono ili aende chumbani alijibu neno lilelile, kwamba matanga hayajaanuliwa kwa sababu mume wake hajazikwa.

Mwanzoni nilifikiri amechanganyikiwa. Nilimwambia nililiona jeneza kwa macho yangu. Akaniangalia kama mtoto wa watu, akasema, "Hidaya, walimfukia. Mtani wake hakuwepo. Nani alimtukana?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba habari nzima ni ya Mzee Severin wa Nyandira. Wewe uliondoka zamani, huenda umesahau uzito wake. Yule ni mtani wa ukoo wetu, na kwa Baba alikuwa zaidi ya mtani. Kwenye harusi ya Baba Mdogo aliiba sahani ya biharusi akajifungia nayo chooni mpaka alipokombolewa kwa jogoo. Yeye na Baba walikuwa wameahidiana miaka mingi kwamba atakayetangulia, mwenzake atamchimbia kaburi, atalala ndani yake kulipima, na atamtukana mbele ya watu mpaka waliolia wacheke.

Siku ya msiba Baba Mdogo Yusuph ndiye aliyekuwa na kazi ya kusema nani aje na nani asije. Simlaumu sana, alikuwa na hofu kama sisi sote. Mzee Severin alikuwa keshapanda gari la kabichi anateremka. Baba Mdogo akampigia simu akamwambia arudi, watu wametosha. Hilo neno ndilo lililoharibu. Mtani si mtu wa kuhesabiwa pamoja na wageni, Kaka. Mtani ni kama jembe na sanda, bila yeye shughuli haijaanza. Mzee alishukia Sangasanga, akavuka barabara, akangoja gari la kumrudisha mlimani. Na akanuna.

Nadhani unaiona aibu yake. Mtani hanuni. Ukoo mzima ukabaki unanong'ona kwamba sisi ndio watu wa kwanza Uluguru kumnunisha mtani. Simu zetu hakupokea.

Mama naye akawa anapungua. Chakula anakigusa tu, hakili. Miguu ikaanza kuvimba kwa kukaa. Daktari aliyemwona alisema moyo wake hauna kasoro, ila asipoanza kutembea miguu itakataa kabisa. Kaka, niliogopa. Niliona tutamzika na yeye kabla ya mwaka kuisha, na nilikuwa nimeanza kufikiria nani nitampigia kwanza.

Mwezi uliopita, mikusanyiko ilipokuwa imesharudi kila mahali, mipira, harusi na mikutano ya kila aina, nikamwambia Baba Mdogo kwamba kama watu wanaweza kujazana kutazama mpira wanaweza pia kuja kumaliza matanga. Akakubali. Akapanda Nyandira na jogoo wa faini, jogoo mkubwa mweupe aliyemnunua hapahapa Kihonda kwenye banda la kuku wa kisasa.

Jogoo alirudi naye. Mzee Severin alimpokea, akamweka chini, akamtazama anavyotembea, akasema, "Huyu hata kuwika hajui. Mmemfukuza mtani kwa simu, na faini mnaleta kuku aliyelelewa na taa?" Baba Mdogo alirudi amevunjika moyo. Mama alipoelezwa aliuliza mara mbili maneno yenyewe yalikuwaje. Nikamwambia kwamba mtu anayetukana hivyo hanuni tena, anapatana bei. Tukatafuta jogoo wa kienyeji, mwekundu, mwenye kiburi, akapelekwa. Jibu likaja kwamba tupike Jumamosi.

Jumamosi hiyo, jana imetimia wiki moja, watu walikuja. Sikutegemea wengi vile. Turubai lilisimama, wanawake wakapika, na wale ambao mwezi wa tano walipita mbali na geti letu wakaingia mmoja mmoja kumpa Mama mkono wa pole. Wengine walianza na salamu ya ngumi, wakaona haya, wakaikunjua. Mama aliipokea mikono yote.

Mzee Severin hakupita mlango wa mbele. Sijui aliingia saa ngapi. Tulishtukia yuko kwenye kiti cha Baba mbele ya cherehani ya mteja ambayo Baba aliiacha hajamaliza kuitengeneza, amevaa koti la kazi la Baba alilolitoa msumarini, na miwani ya Baba imemshukia puani. Akainama juu ya cherehani, akakohoa.

Kile kikohozi chenyewe, Kaka. Kile cha Baba cha kusafisha koo kabla hajamwambia mtu kwamba mashine yake haiponi. Unajua kilivyokuwa. Binamu mmoja alipandisha barakoa kutoka kidevuni, na mama mmoja aliyekuwa mlangoni akaona ni vema akaangalie wali.

"Hii imekufa," Mzee Severin akasema kwa sauti ya Baba. "Kazikeni."

Halafu akavua miwani akaanza. Alisema Fundi, kama alivyozoea kumwita Baba, alikuwa mchoyo, chai yake ilikuwa maji ya moto yaliyopita jirani na majani. Alisema Fundi alioa mwanamke mzuri kwa kumdanganya kwamba nyumba ya jirani ni yake. Alisema walikubaliana atangulie yeye Severin, lakini Fundi alipopiga hesabu akaona mtani atamaliza kuku wake siku ya matanga, akawahi kufa wakati serikali imezuia watu. "Mjanja sana," akasema. "Amekufa kwa kubana matumizi." Watu walikuwa wanaangalia chini, mabega yanatikisika.

Mama hakutikisika. Mzee akamfuata palepale, na viatu vyake vya tope la Nyandira, akajilaza mkekani kwa urefu wake wote. "Mke wangu, nenda jikoni. Ni zamu yangu kuomboleza." Akafumba macho akakoroma.

"Severin, toka," Mama akasema polepole.

Akakoroma zaidi. Mama akamsukuma kwa mguu, hakusogea. Nilitaka kwenda kumsaidia, Mama Hosiana akanishika gauni. Basi Mama akainuka, Kaka. Peke yake, bila mkono wa mtu, akashika ncha ya mkeka kwa mikono miwili akauvuta. Mzee akabingirika mpaka chini ya meza. "Mshenzi wewe!" Mama akapiga kelele. "Ulichelewa kuja, na bado unakuja na matope!"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na hapohapo kicheko kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, kwa kumtaja Baba jina, na wanawake wote wakampokea, hakuna aliyemwambia anyamaze. Mimi nililia na kufurahi kwa pamoja mpaka nikajionea haya. Tulipokuja kukumbuka mkeka, Mzee alikuwa keshaukunja, ameuweka kwapani, anatoka nao uani. Alichochukua mtani hakirudishwi, kwa hiyo tulielewa kwamba matanga yameanuliwa.

Mama sasa analala kitandani. Amerudia kulalamika juu ya chai yangu. Anatembea mpaka dukani na fimbo, na miguu imeanza kunywea.

Wewe sikulaumu kwa jambo lolote. Najua ndege zimeanza kuruka na hujataja safari. Ningekuwa wewe nami nisingejua naingiaje nyumba ambayo Baba hayumo.

Baba Mdogo Yusuph anakusalimu, anasema hatampigia mtu simu tena maishani. Mama Hosiana anakusalimu, anasema Witness akipata shida huko wewe ndiye kaka yake. Mzee Severin hakutuma salamu, alisema wewe unachelewa tu, atakutukana ukifika.

Salamu ya Mama nimeiacha ya mwisho. Jumapili, kabla Mzee hajapanda gari la kurudi, Mama alimwomba ampeleke makaburini. Baba Mdogo aliguna kidogo juu ya wanawake kwenda makaburini, Mama hakumsikia. Mzee alisimama pale akamtukana Baba mpaka akapungukiwa, kila akikwama Mama anamkumbushia, "Na ile ya baiskeli hujaisema." Walipomaliza, nami nikang'oa majani kaburini. Tulipokuwa tunatoka Mama alinishika mkono. "Mwandikie Hatibu," akasema, "baba yake amezikwa. Aje nyumbani."

Mungu akulinde na akufungulie njia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Hidaya