Ndege wa Watu Wawili

Jumapili, 8 Machi

Tumefika! Basi kutoka mpakani limechukua kutwa nzima. Kaka amelala njia yote, kichwa begani kwangu, anakoroma — halafu anasema mimi ndiye niliyemsumbua.

Nyumba ya wageni ina vyumba vitano, msitu unaanzia uani. Mwenyeji ndiye mwongozaji, mkewe anapika. Nyumbani nimeacha sare za shule arobaini hazina vifungo. Zisubiri. Miaka ishirini tunamtamani ndege mmoja, mdiria wa kidevu cheusi, na ni kwenye mto wa msitu huu tu anakoonekana, tena kwa bahati.

Daftari letu lina ndege 212. Sheria aliiweka kaka mwenyewe, siku aliyonivika darubini shingoni nikiwa na miaka kumi: ndege haandikwi mpaka tumwone wote wawili.

Jumatatu, 9 Machi

Tangu alfajiri tunatembea. Kunguru tu. Kunguru hata kwetu wamejaa.

Kwenye daraja la mbao kaka akanishika mkono kabla sijakanyaga. Ubao wa tatu mbovu, akasema. Kweli, umeoza kwa chini. Nikamsifu kwa kuwa na jicho kali. Mwongozaji akanitazama, kisha akatazama mto.

Chai. Mimi nimeulizwa sukari vijiko vingapi. Kaka ameletewa yake bila sukari, kama anavyoipenda. Hakuulizwa.

Basi tena, ndio ufundi cherehani huo. Nikikosa nguo napekua mishono ya watu.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Kaka kimya. Huyu akinyamaza ujue anaumwa au ana jambo.

Jumatano, 11 Machi

Nina jambo mimi sasa.

Ukuta wa chumba cha kulia umejaa picha za wageni waliomwona mdiria. Katikati pana nafasi moja, rangi yake haijapauka. Leo nilikuwa namsaidia mama mwenye nyumba kumenya viazi, nikamuuliza kuhusu nafasi ile, mazungumzo tu. Akafuta mikono, akafungua droo, akanitolea picha. Akasema kaka yangu alipiga simu kabla hatujaja, akaomba picha ishushwe. Yeye hakupenda. Na mtu anayemmenyea viazi hawezi kumficha.

Kaka, na kofia yake ileile. Anacheka meno yote nje. Nyuma, mwandiko wa mwongozaji: 14 Machi, mwaka jana. Mdiria, dakika sita.

Tarehe 14 Machi mwaka jana mama yetu alikuwa chumba cha upasuaji, nyonga imevunjika. Kaka alisema ana semina ya kazi, haikwepeki. Nililala kwenye benchi la hospitali siku nne. Mama alipozinduka aliuliza mwanangu yuko wapi. Nikamwambia kazi haina huruma, mama, angekuwa na uwezo angekuja. Nilimtetea! Mpaka mama akamwombea dua.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Na mimi ndiye fundi wa nguo.

Angeniambia tu: nilimwona, nisamehe. Ningelia, ningemtukana, yangeisha. Lakini amenileta mpaka huku, anitazame nikitafuta. Inaniuma kuliko lile benchi.

Chakula tumekula pamoja. Amenichagulia kipande kikubwa cha nyama. Nimekila chote, nikamshukuru.

Alhamisi, 12 Machi

Naandikia gotini, kando ya mto.

Yupo. Hatua ishirini kutoka hapa, kwenye tawi lililoinamia maji. Kidevu cheusi tii, kifua rangi ya kutu. Mzuri kuliko michoro yote.

Kaka amenibana bega: mdogo wangu, pale, hatimaye! Machozi yanamtoka. Labda ni ya kweli. Sina tena namna ya kujua.

Amelitoa daftari, amefungua kalamu. Umemwona?

Nimemwambia bado.

Amenielekeza: tawi la chini, kushoto kwa jiwe. Nimeinua darubini, nikamtazama yule ndege mpaka akapiga mbizi, akarudi na samaki, akammeza. Nikaishusha. Bado, kaka.

Mwongozaji ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikufunguka. Kaka ananong'ona harakaharaka, anasema tuandike jina tu, atanionyesha picha ya ndege huyu baadaye. Nimemwambia hapana, sheria ni sheria.

Ameuliza basi hapo naandika nini. Nimemwambia tarehe.

Ndege bado yuko pale, na mimi bado sijamwona.