Cheti cha Siku Saba

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wale watundu wako wawili. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo sina uhakika nayo.

Nimepata ujumbe wako kwamba baba hatoki tena kitandani, na kila akisikia mlango anauliza kama ni mimi. Umeniuliza kwa hasira ni kazi gani isiyompa mtu hata wiki moja. Una haki.

Seva ya hospitali yetu, kompyuta inayotunza majibu ya maabara, ina cheti, kitambulisho cha kuzihakikishia kompyuta nyingine kwamba ndiyo yenyewe. Kwa kuwa mtandao ni wa humu ndani tu, cheti tunajisainia wenyewe. Kinaisha kila Ijumaa. Basi kila Ijumaa natengeneza kipya, nakitia kwenye flashi, nazunguka kompyuta kumi na tisa, chumba hadi chumba, mpaka miguu inawaka moto. Nisipofanya hivyo, madaktari wanakutana na onyo jekundu na majibu hayafunguki. Mganga mkuu huwaambia wageni kwamba bila mimi hospitali inalala. Najua baba naye huwatambia majirani hivyo hivyo.

Sasa nisikilize, na usipige kelele watoto wakasikia. Muda wa cheti naupanga mimi. Ni namba moja tu ya siku ninayoandika. Mwaka juzi walipoanza kupunguza watu niliingiwa na woga, nikaandika saba mahali pa elfu tatu mia sita na hamsini. Wenzangu wakaondoka, mimi nikabaki. Tangu hapo sijapata Ijumaa yangu hata moja. Mama mlimzika Ijumaa, dada. Kila wiki nasema leo nairekebisha, kisha nawaza wakigundua hawanihitaji, mkono unarudi nyuma. Hakuna aliyenifunga. Nimejifunga mwenyewe, na naona aibu.

Leo nimeandika ile namba ndefu, nikazunguka vyumba vyote kumi na tisa. Mganga mkuu alinishukuru kama kawaida yake, wala hajui amenishukuru kwa nini.

Jumapili nitakuwa mlangoni. Baba akiuliza hospitali nimemwachia nani, usimdanganye. Mwambie itajiendesha yenyewe miaka kumi, na ingeweza tangu zamani.

Wabusu watundu, msalimie shemeji.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba