Kinga ya Mzee Ramazani na Mlango Wetu wa Choo

Alunguli, Kindu

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako likoje? Naomba barua hii ikukute umekaa, na Baba asiwe karibu, utaona kwa nini. Mimi ni mzima. Miezi minne ya Kindu imenizoesha kula sombe, yaani kisamvu chao, na kuvuka mto kwa mtumbwi kwenda kazini bila kufumba macho. Cherehani za hapa zinaharibika vizuri, kwa hiyo kazi ipo.

Mama, nimenunua baiskeli. Mzee Ramazani, mwenye nyumba yangu, alinipenda tangu aliposikia natoka Kigoma, maana wakati wa vita alikimbilia huko. Kabla ya kwenda shambani kwake Kailo, aliniuzia baiskeli kuukuu ya mashindano, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Akapapasa kiti chake, akasema, "Hii njo kinga yangu ya vita. Uichunge muzuri."

Nikashtuka. Kinga ya vita, mtu wa Kigoma ataelewa nini kama si dawa ya kuzuia risasi? Wiki nzima sikuipanda. Nikipita karibu yake nilivua viatu. Mama Furaha, jirani yangu muuza samaki, alinikuta asubuhi moja naiamkia, akauliza kama niko na homa. Nilipomweleza aliketi chini kucheka. "Kinga njo velo, baiskeli, ndugu yangu. Wazee wa hapa wanasemaka kinga. Dawa gani tena?" Sasa soko zima linajua. Nikipita wananiuliza kama velo yangu imeamka salama.

Kwa aibu nikaamua kuichunguza kifundi, kama Baba alivyonifundisha, nijue imezaliwa lini na wapi. Kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kuna maneno ya Kifaransa. Pedeli zimeshikwa kwa kota pini za zamani. Namba iliyogongwa chini ya fremu imeliwa na kutu. Mimi nikasoma 68, Mama Furaha akasimama upande wa pili akasoma 89, tukabishana mpaka samaki wake wakaungua. Nikaanza kukwangua rangi. Juu nyeusi, chini yake buluu. Ile buluu niliitazama sana. Ni ya mlango wetu wa choo, Mama, ule ulioishia nusu kwa kukosa rangi. Na chini ya buluu, karibu na kiti, nukta tatu zilizogongwa kwa msumari. Unamjua anayegonga nukta tatu kwenye kila fremu anayoichomelea.

Hii ndiyo baiskeli ya Baba, aliyokuwa akikupakia kwenye bomba la mbele siku za uchumba. Ndiyo hiyohiyo unayosema ndugu yako, Mjomba Hamisi, aliiba akaiuza, ukamkataza kula kwetu tangu mimi nikiwa mdogo.

Mzee Ramazani aliporudi nikamuuliza aliipata wapi. Hakuficha. "Mama yangu alikuwa anakufa huku, na treni haikuwa. Fundi mumoja wa Kigoma akanipa kinga yake. Akaipaka rangi mubaya, askari wasiitamani. Akasema bibi yake, mama wa watoto wake, asijue. Shemeji yake njo alishika brosi, akaapa kunyamaza." Alivuka nayo ziwa, akaifuatisha reli kutoka Kalemie mpaka Kindu. Kwenye kila kizuizi askari waliitazama ile buluu wakamwambia apite na takataka zake. Alimkuta mama yake hai, wakakaa pamoja siku tisa.

Nilipomwambia yule fundi ni baba yangu, alinishika mkono, hakuuachia mpaka chai ikapoa. Nililia, Mama, sikufichi. Halafu nikaukumbuka ule mlango, nikacheka.

Nisalimie Dada Zuhura na mume wake mvuvi wa dagaa, na Bibi mwenye duka la mkaa. Baba mfokee kidogo, usizidishe, alitenda wema akaogopa kuusema. Lakini Mjomba usimpelekee salamu zangu kwa mtu. Amebeba jina la mwizi miaka yote hii kwa sababu aliapa. Nenda mwenyewe na goti lako, hata ukifika saa saba mchana, umwambie wali umeiva na sahani yake ipo.

Mwanao,
Mashaka
fundi cherehani, na sasa mpanda kinga