Mama Asipande Tena Juu ya Springi Ile

Ndugu yangu mdogo Ewoi,

Ejok? Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote hapo Nawoitorong, na kwamba ukame haujamaliza mbuzi. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Unaniandikia kwa furaha kwamba springi ya nyuma niliyoichomelea kabla sijaondoka bado inabeba pikapu mpaka Kakuma. Kwamba mama, kila akienda kuuza vikapu vyake kambini, huitemea mate ya baraka kwanza, kisha anakaa pale pale juu yake kwa sababu "ni kazi ya mtoto wangu." Halafu chini kabisa unaongeza, "Tangu safari ile ya Kalobeyei inalia kidogo, lakini hiyo ni vumbi tu." Vumbi! Ewoi, una akili wewe?

Sikiliza yaliyonipata huku Kanada. Mzee mwenye nyumba ninayoishi ana pikipiki ya theluji. Mbele ina vibao viwili vya kuteleza. Nyuma haina gurudumu, ina mkanda mpana wa mpira, na springi zake zimejificha ndani ya mkanda huo. Mwezi uliopita ilianza kumuumiza mgongo. Nikamwambia nitaitengeneza hapa hapa nyumbani. Nikailaza ubavu juu ya maboksi, nikafungua bolti nne, nikautoa mtambo wote wa nyuma. Nikaosha, nikatia grisi, nikabadilisha bushi zilizokwisha. Ndipo nikakuta chuma kimoja kinachoshika springi kina ufa.

"Tuagize kingine," mzee akasema. "Tutangoja."

Nami, kwa kiburi changu unachokijua, nikamjibu kwamba sisi Lodwar hatutupi chuma, tunakichomelea. Nikakichomelea. Mshono ulitoka safi kuliko ule wa pikapu, nikaupiga rangi.

Siku ya nne chuma kikakatika, mzee akiwa katikati ya ziwa lililoganda. Alirushwa, akavunjika nyonga, akalala kwenye barafu mpaka binti yake alipomfuata. Nilipokwenda kumwona hospitali hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulisema unajua?" Afadhali angenitukana.

Nilikiokota kile chuma. Mshono wangu ulikuwa mzima kabisa! Kilikatika kando yake, upana wa kidole, pale moto ulipokidhoofisha. Fundi mmoja wa hapa akaniambia kwamba chuma cha springi yenyewe ndicho kibaya zaidi, ukikichomelea ugumu wake unakufa. Miaka yote ile nimechomelea springi za watu bila kujua hilo, nao wananiita fundi. Nina hasira na wewe, Ewoi, lakini nyingi zaidi ni juu yangu mwenyewe.

Sasa wewe unautazama mshono, unauona mzima, unapakia watu. Usitazame mshono! Ingia chini ya gari, futa kando yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utauona ufa. Na usipouona, ing'oe hata hivyo. Usimpe mtu mwingine aichomelee. Usiifunge kwa raba za tyubu kama tulivyozoea. Tafuta nyingine nzima kwenye magari mabovu kule Lokichoggio, na mpaka uipate, pikapu ikae juu ya mawe. Abiria wakilalamika, waache walalamike. Ukimpakia mama tena juu ya springi ile, mimi na wewe hatujuani.

Najua mama atakataa. Atasema unamsingizia mtoto wake. Kwa hiyo msomee barua hii kwa Kiturkana, neno kwa neno, usiipunguze hasira hata kidogo.

Nisalimie dada yetu Akiru na watoto wake, na yule mama wa Kisudani anayempa mama kivuli cha kuuzia kule kambini. Mwambie mgeni wake, yaani mama, atachelewa, na asimngoje.

Maneno yaliyobaki si yako, ni ya mama.

Mama, ni mimi Ekal. Chuma kile nilikiharibu kwa mikono yangu, nikijiona fundi. Usikibariki tena. Mate yako yateme juu ya karatasi hii, kisha ushuke kwenye gari.

Mwanao,
Ekal