Mwanga Uliopenya Miwani ya Wafula

Jumatatu, 5 Mei
Programu imekataa tena kuiona mashine. Nimechomoa waya, nimechomeka, ikakubali shingo upande. Monokromata yetu ya maabara kazi yake ni kuchagua rangi moja ya mwanga. Unaandika urefu wa wimbi, kwa nanomita, kwenye kompyuta, mota inanguruma, rangi inatoka. Nimeandika 600 nikitarajia rangi ya chungwa. Imetoka njano. Nani mwongo, mimi au kompyuta?

Jumanne, 6 Mei
Kaka yangu Wafula amerudi na macho mekundu. Anachomelea mageti hapa Dandora akiwa na miwani ya jua. Anasema ni nyeusi tii, inatosha. Ananiudhi. Lakini nataka kujua: weusi huo unazuia nini hasa? Akipofuka je?

Jumatano, 7 Mei
Nimebeba balbu ya jikoni, ile ya kuokoa umeme, hadi maabara ya kiwanda ninakofanya kazi, mtaa wa Baba Dogo. Mlinzi kanicheka. Kwa sababu ya zebaki iliyo ndani, mwanga wake wa kijani daima uko 546, balbu iwe ya yeyote. Programu inasema 558. Kumbe imepotoka kwa 12! Nimeirekebisha, nikaandika 600. Rangi ya chungwa, safi kabisa. Nimecheza peke yangu.

Alhamisi, 8 Mei
Wafula hana kazi leo, nimeazima miwani. Nyekundu haipenyi. Kijani vilevile. Nikaona aibu, labda namsumbua bure. Nikashuka hadi 365, kwenye urujuanimno, miali isiyoonekana lakini inayochoma jicho. Grafu ya mwanga unaopenya ikapaa. Nimerudia, ikapaa tena. Na nyuma ya weusi ule mboni hufunguka zaidi, ikaingiza miali mingi zaidi. Naogopa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemwambia. Amecheka. Eti kompyuta haijawahi kushika chuma. Sijala naye.

Jumamosi, 10 Mei
Meneja ameruhusu nimlete. Grafu sikumwonyesha. Nimeweka karatasi nyeupe mwanga unapotokea, nikaandika 365. Miali yenyewe haionekani, lakini karatasi ikawaka samawati. Nikaweka miwani yake katikati. Bado inawaka. Nikaitoa, nikaweka kioo cha kinyago cha kuchomelea. Giza.
"Siz, hebu rudia," kaka akasema.
Nikarudia. Kisha akabadilisha vioo mwenyewe, polepole.

Jumapili, 11 Mei
Baada ya kanisa hakutoka. Amekaa mlangoni, chai imepoa. Ameuliza kama mashine inaweza kupima jicho, iseme limeshaharibika kiasi gani. Nimemwambia haiwezi. Kesho hachomelei. Tunaenda kliniki ya macho.