Kioo cha Kaunta

Jumatatu, 2 Juni

Nimefungua duka, nimefuta vumbi, nimewasha kompyuta yangu. Vioo vyote vitatu vya monita vikaniletea bibi harusi wa Itigi analishwa keki. Yona aliacha kompyuta yake inawaka tangu Jumamosi.

Ndiyo hali yetu tangu tuungane. Yona ni mdogo wake mume wangu. Ana kompyuta ya picha na video, na vitu vya misiba pia ni vyake: mabango, ratiba za mazishi. Mimi misiba siiwezi. Nafanya kadi za harusi. Chumba hiki cha Mandewa tunachangia, na vioo tunachangia. Viwili viko kwenye meza ndefu, cha tatu kiko kaunta kimewageukia wateja. Kila kioo kina waya mbili nyuma, moja kwake, moja kwangu. Ukibonyeza kitufe, kioo kinahama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine.

Sheria: mwenye mteja ndiye mwenye vioo. Yona huwa anasahau sheria.

Upepo mkali. Vumbi hadi kwenye sukari.

Jumatano, 4 Juni

Nimegombana na Yona kuhusu kitufe.

Cha kioo cha kaunta kiko chini ya uso wake, upande wa mteja. Ili nikibonyeze lazima nizunguke nje, nimsogeze mteja, niiname. Leo nimeinama mbele ya shehe mmoja aliyekuja kuchukua kalenda. Aliangalia dari. Nimechoka kuinama.

Yona anasema dawa ni swichi, kisanduku kidogo cha kukaa mezani, unabonyeza ukiwa umekaa. Kimeagizwa Dodoma. Kila siku kinakuja na basi la kesho.

Mwisho ameingia kwenye mipangilio ya kioo, ameweka kijitafutie chenyewe. Kompyuta moja ikizimwa au ikilala, kioo kinahamia kwa nyingine. Tumejaribu. Nikazima yangu, ikatokea yake. Nimefurahi kupita kiasi. Nimemnunulia soda.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Anita amekuja kuangalia kadi ya binti yake. Wateja wote wangekuwa kama yeye ningefunga duka, na wote wangekuwa tofauti na yeye ningechoka. Anasoma kila jina kwa sauti, kidole kwenye kioo, na kioo kinabaki na alama za kidole.

Amenihamishia jina la kaka yake mara mbili. Mzee Samweli, yuko Manyoni, anafuga. Mimi nilikuwa nimemweka chini, kwenye wajomba. Mama Anita hataki. Baba yao alikufa mapema, Samweli ndiye aliyemlipia shule, ndiye aliyekaa kiti cha baba siku ya mahari ya binti. Kwa hiyo apande juu, na herufi zinenepe.

Siku hiyo ya mahari Yona alipiga picha. Mzee kavaa koti la kuazima, mikono mifupi, anacheka. Mama Anita kasimama nyuma yake, mkono begani kwa kaka. Tulimwonyesha leo kwenye kaunta. Alicheka mpaka akatoa leso.

Ana presha. Dawa ziko kwenye pochi pamoja na pipi. Amenipa pipi. Atarudi Jumatano kuona kadi ya mwisho.

Jumanne, 10 Juni

Nilitoka kunywa chai. Kompyuta yangu ikalala, inalala haraka kuliko mtoto mchanga. Kioo cha kaunta kikahamia kwa Yona. Aliyekuja kuchukua picha za pasipoti akakuta kuku wa mtu anakatwa, video ya sherehe ya huko Iramba. Alisubiri mpaka mwisho. Akasema imepigwa vizuri.

Nilicheka sana. Nikamwambia Yona aniongezee muda kabla kompyuta haijalala. Akasema kesho.

Jumatano, 11 Juni

Naandika usiku. 

Asubuhi nilimkuta Yona amekaa, jaketi hajavua. Mzee Samweli amefariki. Jana, Manyoni, tumbo. Aliyepiga simu ni Daudi, mwanawe. Anataka ratiba ya mazishi itoke kesho na picha iwe ile ya siku ya mahari, kwa sababu hawana nyingine ambayo mzee anacheka. Watazika Kinampanda, kwao.

Halafu Daudi akasema lililobaki. Shangazi yake, Mama Anita, hajaambiwa. Wakubwa wa ukoo wanatoka Kinampanda na mchungaji, watafika kwake jioni, wamkalishe, wamwambie. Mpaka hapo hakuna simu, hakuna ujumbe. Kwa ajili ya presha. Na kwa sababu kwao habari ya namna hiyo haipigiwi simu kwa dada wa marehemu. Inaletwa kwa miguu. "Najua kadi zake mnafanya nyinyi," alisema. "Akija, msimwonyeshe hata uso."

Alikuwa anakuja. Ndiyo Jumatano yenyewe.

Nilitaka kumpigia asije. Yona akakataa, akasema ataniuliza kwa nini, na mimi sijui kudanganya kwenye simu. Kweli. Kwa hiyo tukapanga. Yona atatumia kioo chake kimoja tu. Vingine viwili vyangu. Nikazunguka nje, nikainama, nikabonyeza kitufe mwenyewe. Kadi ikakaa kaunta, maua ya zambarau. Niliangalia mara mbili. Nikaona yamekwisha.

Mama Anita aliingia saa nne na kikapu. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akaanza kusoma majina. Alipofika kwa Mzee Samweli alitulia, akasema hapa sasa pamekaa vizuri. Mimi nikasema ndiyo.

Yona alikuwa ameishiwa karatasi nzito. Akatoka kununua. Nilimlaumu moyoni lakini karatasi ilihitajika.

Nikabaki na Mama Anita. Niliogopa akiniangalia usoni ataona, nikaamua kuongea. Nilimuuliza alizeti mwaka huu. Nikamuuliza mafuta, mashudu, sare za kamati. Nikamuuliza ng'ombe wa harusi, na hapo nilifanya ujinga, kwa sababu ng'ombe anatoka kwa Samweli. Akanieleza rangi yake. Akanieleza jinsi kaka yake anavyowaita ng'ombe kwa majina ya walimu waliomchapa. Nilicheka. Nilikuwa nimejisahau kabisa, nacheka, mkono uko mbali na mausi ya kompyuta.

Kompyuta yangu ikalala.

Niliona kioo changu cha mezani kimekuwa cheusi. Nikajua. Cha kaunta sikukiona, kinatazama kwake. Nilimwona yeye.

Nilizunguka mbio, nikajigonga kiuno kwenye kona ya kaunta. Picha ilikuwa imejaa kioo kizima. Mzee Samweli na koti lake, juu yake neno Marehemu kwa herufi nyeusi. Yona alikuwa katikati ya kazi ya kumwondoa Mama Anita kwenye picha. Mwili alishaufuta. Umebaki mkono, begani, na saa yake ya mkononi, na vidole viwili tayari vimefutika.

Mama Anita hakupiga kelele. Aliangalia kioo, akaangalia mkono wake mwenyewe, saa ni ile ile. Akasema maneno machache ya Kinyiramba, taratibu, kwa picha, si kwangu. Akakaa kwenye stuli.

Nilimpa maji. Nilimtafutia dawa kwenye pochi. Pipi zikamwagika. Nilisema nisamehe mama, nisamehe, kama kasuku. Akameza dawa. Akauliza nani anajua. Nikamwambia yote: Daudi, wakubwa, mchungaji, jioni.

Akaokota pipi moja, akairudisha kwenye pochi. Kisha akasema, "Basi hujaniambia kitu. Na mimi sijaona."

Nilidhani amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa.

"Wale wazee wamepanda gari kwa ajili yangu," alisema. "Wametumwa kwa heshima ya kaka yangu. Siwezi kuwapokea kana kwamba wamechelewa."

Aliniomba nimsindikize. Nilifunga duka. Njiani aliamkiana na watu, akaulizia bei ya dagaa kwa muuzaji, hakununua. Nyumbani alifagia ua. Alipanga viti. Alibandika maji ya chai mengi. Kisha akakaa kwenye mkeka na kunichambulia mchele nisioutaka. Hakulia. Nilimchukia kidogo kwa kutolia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalia, tena jikoni, nikisingizia moshi.

Wakafika jua likiwa chini. Wazee watatu na mchungaji. Salamu ndefu. Aliwaamkia mmoja mmoja. Wakaulizana mvua, mifugo, watoto. Mkubwa wao akasema dada, kaa vizuri. Akakaa vizuri. Akaambiwa.

Hapo ndipo alipoanguka. Sauti ile sijawahi kuisikia. Haikuwa ya kuigiza. Nilikuwa hapo, najua. Alikuwa ameibeba tangu saa nne na alipoambiwa na watu wanaostahili, akaitua.

Alhamisi, 12 Juni

Yona hajui kitu. Nimemwambia mama alikuja, aliridhika na kadi, akaenda, na mimi kichwa kiliniuma nikafunga mapema. Ni uongo wangu wa kwanza uliofanikiwa. Sioni fahari.

Kabla sijatoka kwake jana Mama Anita alinivuta pembeni, uso umevimba. Alikuwa na neno moja. Ule mkono usifutwe.

Sasa nimwambieje Yona? Anasema mkono wa mtu begani kwa marehemu unaharibu picha, watu watauliza ni wa nani. Nimebishana naye asubuhi nzima bila sababu hata moja ya kumpa. Nimesema unapendeza. Amesema shem, tangu lini wewe unajua misiba? Nikakaa kwenye kompyuta yake kwa nguvu. Nimerudisha vidole viwili mwenyewe kutoka kwenye picha ya mwanzo. Sikuwahi kukaa na uso wa marehemu muda mrefu hivyo. Nilifikiri ningeogopa. Niliuona tu kama uso wa mtu anayecheka.

Yona kanuna. Kachapa hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Kinampanda. Tumezika. Vumbi, baridi, watu wengi. Kwaya mbili.

Ratiba ziligawiwa. Mwanamke mmoja karibu yangu aliuliza mkono huu wa nani. Wa dada yake, akajibiwa, ndiye aliyemlea marehemu... hapana, yeye ndiye aliyelelewa na marehemu. Wakarekebishana hivyo hadi mahubiri.

Mkubwa wa ukoo alisimama kushukuru. Alisema wamefurahi kwamba habari ilimfikia dada kwa heshima, haikumkuta barabarani. Watu wakaitikia amina. Mama Anita alikuwa ameinamisha kichwa. Yona aliniangalia akitabasamu, kama kusema tumeweza. Nilitazama viatu vyangu.

Jumanne, 17 Juni

Swichi imefika. Kisanduku cheusi, kidogo kuliko sabuni. Yona kaifunga, kaficha waya, kaondoa ule utaratibu wa kioo kujitafutia. Nilimwomba auondoe mbele yangu. Anasema nimekuwa na wasiwasi uzeeni.

Kompyuta yangu sasa hailali kabisa. Umeme tutalipa.

Jumatatu, 30 Juni

Mama Anita amekuja. Harusi imesogezwa mpaka baada ya mavuno. Amenunua pipi nyingine. Tumeamkiana, tumekaa. Mimi upande wangu, yeye upande wake, kadi kwenye kioo.

Alisoma majina kwa sauti. Alipofika kwa kaka yake alinyamaza, akasubiri. Niliandika Marehemu mbele ya jina. Niliandika polepole, herufi moja moja, ili aione ikija.

Akasema inatosha. Akaweka kidole pale. Alama imebaki, sijaifuta.